Ndafu Wawili Ukumbini

Kwa kuwa rafiki yangu mpiga picha ameshasambaza video katika makundi ya WhatsApp hapa Moshi, na kwa kuwa video yenyewe inaanzia pale watu wanapocheka, naomba nami nieleze kilichotangulia kwenye sendofu ya juzi, yaani sherehe ya kumuaga binti anayeolewa. Najua wengi wenu mnasoma ili mcheke mara ya pili. Chekeni, lakini someni.

Wageni wa ukurasa huu wafahamu kwamba mimi hutengeneza fraktali za miali, yaani picha za maumbo yanayojirudia zinazotengenezwa kwa kompyuta, sanaa ambayo mbinu yake ilibuniwa na Mmarekani Scott Draves mwaka 1992. Hazichorwi kwa brashi. Katika programu ya Apophysis unapanga pembetatu, na kila pembetatu ni transfomu moja, yaani agizo la kuisogeza, kuizungusha, kuipunguza au kuipinda nukta. Kompyuta huokota transfomu kwa bahati nasibu, huisogeza nukta, huacha alama, kisha huokota nyingine, mamilioni ya mara, mpaka mahali palipopitiwa sana panang'aa na palipopitiwa kwa nadra panabaki na ukungu hafifu.

Mama mzazi wa binti alitaka bango la kutundikwa nyuma ya meza kuu, lenye ua la zambarau na dhahabu. Nililijenga kwa transfomu tatu. Ya kwanza ilipunguza kila kitu kidogo na kukizungusha, jambo linalozaa petali zinazojirudia kuelekea ndani. Ya pili ilikuwa ile inayovitupa mbali vilivyo karibu na kitovu na kuvivuta kitovuni vilivyo mbali, nayo ndiyo inayoleta mikunjo laini ya duara. Ya tatu ilikuwa kioo: niliipindua pembetatu upande wa pili wa mstari wa katikati, nikaipa uzito ulio sawa na jumla ya zile mbili ili pande zote zipate nukta sawasawa, kisha nikaizuia isiguse rangi, kwa sababu kioo kinachoachiwa rangi huzichanganya zikawa tope.

Kwenye kompyuta yangu lilikuwa ua. Mama aliliona kwenye simu akasema, “Mwanangu, hili litawanyamazisha majirani.” Ila turubai likichapishwa huwa na giza kuliko skrini, hivyo kabla ya kulipeleka dukani nilipandisha gama, yaani kipimo cha kung'arisha sehemu hafifu za picha, juu ya ile 4 ya kuanzia, na gama ikipanda, ule ukungu hafifu nao hujitokeza.

Sasa twende polepole, maana hapa ndipo video inapodanganya.

Bango la mita sita lilikuwa limefunikwa kwa shuka. Mshereheshaji alitangaza kuingia kwa ndafu, muziki ukapanda, na wanakamati wakaingia wakicheza huku wamembeba mbuzi mzima aliyebanikwa, amesimama juu ya sinia, pembe zake zikimeremeta kwa mafuta na majani mabichi yametokeza mdomoni. Wakamweka katikati ya meza kuu. Wakati huohuo kijana wa mapambo akavuta shuka.

Palikuwa na macho mawili. Yalikuwa ya dhahabu, yenye mboni zilizolala, na juu yake ule ukungu niliouamsha mwenyewe kwa gama ulikuwa umepanda kulia na kushoto, ukajikunja kwa ulinganifu kamili na kuishia katika ncha. Chini, mahali ambapo petali zilikutana, palikuwa na kidevu. Kidevu kilikuwa na ndevu. Watu walimtazama mbuzi wa mezani, wakatazama ukutani, wakarudi mezani. Shangazi mmoja aliyevaa kitenge cha sare alianza kukemea kwa jina la Yesu. Binti mwenyewe alikuwa amebaki na kisu mkononi. Nami nilikuwa nimesimama karibu na spika, nikijifanya fundi wa sauti.

Kisha mshereheshaji, Mungu amsamehe, akasema, “Ndugu wageni waalikwa, familia hii imebarikiwa: leo ndafu wamekuja wawili.”

Hapo ndipo video inapoanzia. Shuka lilirudishwa, mbuzi akaliwa, nikamwambia mama “shikamoo” ambayo haikuitikiwa, nikapitia mlango wa jikoni.

Wanaonishauri nilaumu gama hawajaelewa kazi hii. Gama ilifanya wajibu wake. Shida ni kioo, kwa sababu jicho la binadamu likiona pande mbili zinazolingana hutafuta uso, na lisipoupata huutengeneza. Anayetaka ua aache kioo, atumie transfomu za mzunguko za nyuzi 72, 144, 216 na 288, apate petali tano zisizomtazama mtu.

Mama bado hapokei simu zangu. Aliyepiga ni mwenye banda la mbuzi choma kule Kiborloni, anauliza kama bango linauzwa, na kama pembe zinaweza kuongezwa kidogo.