Kuta zilibaki, mizeituni ikaenda

Almonaster la Real, kijiji cha milimani huko Huelva, kusini mwa Hispania, bado kina msikiti wake wa enzi ya utawala wa Kiislamu wa Córdoba. Ni mdogo, na baadhi ya nguzo zake zilitolewa kwenye magofu ya Kirumi na ya Kivisigothi. Mihrabu iko mahali pake. Wanaodai kwamba kugeuzwa kanisa ndiko kulikoiokoa misikiti huanzia hapa, na hawakosei: jengo lisilo na watu halikawii kuanguka. Kule Árchez na Salares, katika milima ya Málaga, minara ya misikiti imesimama hadi leo kwa kuwa ilitundikwa kengele.

Ila hoja hiyo inapima kuta tu. Tazama Alpujarra, milimani kusini mwa Granada. Huko kijiji kiligawanyika mitaa, na mtaa uliweza kuwa na msikiti au rabita yake, kijumba cha ibada. Mafuta ya taa, ujira wa imamu na matengenezo vilitoka kwenye wakfu. Mtu aliweza kutoa hata mzeituni mmoja au mforosadi mmoja, shamba lenyewe likabaki la mwingine. Msomaji wa Unguja hahitaji maelezo zaidi. Minazi ya msikiti anaijua.

Mkataba wa 1491 wa kuisalimisha Granada, ufalme wa mwisho wa Kiislamu Hispania, kwa watawala Wakristo uliahidi kuwa misikiti na wakfu zake vitabaki mikononi mwa Waislamu. Haikupita miaka kumi, yakaja maasi na ubatizo wa lazima. Mwaka 1501 parokia zikaanzishwa, na wakfu za misikiti zikapewa makanisa. Kwangu mimi, hapo ndipo msikiti wa kijiji ulipokufa, hata pale kuta zilipodumu. Ukibomoka, wanakijiji wangeujenga upya; ukinyang'anywa mizeituni, wangeujenga kwa mali gani?

Kuna jambo moja linaloninyima raha katika msimamo huu. Ili mali hizo zisipotee, makarani waliziandika kijiji kwa kijiji, wakati mwingine mti kwa mti. Mwaka 1568 Wamorisko, yaani Waislamu waliobatizwa kwa lazima na wazao wao, waliasi, wakashindwa, wakahamishwa, na mahali pao wakaletwa walowezi kutoka mbali. Waliokumbuka mzeituni upi ulikuwa wa rabita ipi wakawa wameondoka. Leo anayetaka kujua hana budi kufungua daftari la mnyang'anyi.