Pono anakula mwamba, lakini anaula vipi?

Wanaomlaumu pono kwamba anabomoa matumbawe hawasemi uongo. Ukizamia Misali au pembeni mwa Mnemba, visiwa vidogo vya Zanzibar, utamsikia akitafuna kabla hujamwona, utaona alama nyeupe za meno juu ya jiwe, na punde atatoa wingu la mchanga kwa nyuma. Hapo ndipo wanapouliza: kwa nini tumlinde samaki anayebomoa matumbawe?

Tuanze na mdomo wenyewe. Meno yake yameungana kama mdomo wa kasuku, na kooni ana mifupa mingine inayosaga chokaa ikawa unga. Tumbo la kuhifadhia chakula hana. Kinachosagwa hupita moja kwa moja utumboni. Wala chokaa sicho anachokitaka. Anachotafuta ni mwani mfupi na vijidudu, hasa sianobakteria (bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua), walioko juu ya jiwe na ndani kidogo ya ngozi yake. Kwa aina nyingi za pono, jiwe hilo mara nyingi limeshakufa. Wanaong'ata matumbawe hai wapo, ila ni wachache.

Kuna hesabu ya mwaka 1995 kutoka Great Barrier Reef, Australia, inayopendwa na pande zote mbili. Pono mkubwa wa jenasi Chlorurus alikadiriwa kumega takriban kilo 1,018 za mwamba kwa mwaka; ndugu yake mdogo, Chlorurus sordidus, kilo 24 hivi. Wapinzani huishia kwenye tani. Mimi nasimama kwenye tofauti: mkubwa mmoja anafanya kazi ya wadogo zaidi ya 40. Matumbawe yakifa kwa joto, kama mwaka 1998, mwani huota juu ya mifupa yake, na vichanga vya matumbawe hukosa jiwe safi pa kushika. Anayelikwangua ni huyuhuyu pono. Ukiwamaliza wakubwa, hata soko likijaa wadogo, pengo halizibiki.

Lakini pono hapoozi maji. Tafiti za bahari kadhaa zimeona maeneo yaliyolindwa yakipauka, yaani matumbawe yake yakipoteza rangi kwa joto, sawa na yasiyolindwa, na hilo watetezi wake hulipita kimyakimya. Pia marufuku ya jumla ya kumvua pono, kama ya Belize mwaka 2009, hapa ingemkosea mwenye dema, ule mtego wa kapu. Pono anayemnasa mara nyingi ni Leptoscarus vaigiensis, anayelisha kwenye majani ya bahari. Mwamba hana habari nao.

Cha kubana ni uvuvi wa mkuki na tochi usiku. Usingizi wa pono mnaujua: amejibana kwenye ufa, wengine wamejifunika ute, na mkuki unachagua mkubwa kwanza. Kwa dema, Kenya walijaribu kuliachia upenyo wa wima, sentimita 3 kwa 30. Wembamba na wachanga wakatoka, waliobaki wakawa wakubwa zaidi, na kipato cha mvuvi kikapanda.