Wanafunzi Wetu Wawekewe Alama ya Mkazo

Mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza, anakutana na neno photography ubaoni, analisoma kama alivyozoea kusoma kila neno tangu utotoni: fo-to-GRA-fi. Wenzake wanacheka. Mwalimu anamsahihisha, lakini hamwelezi kosa liko wapi. Mimi nasema kosa si lake. Maandishi ya Kiingereza yamemficha kitu alichokihitaji kuliko vyote, yaani mahali pa mkazo, silabi inayotamkwa kwa nguvu kuliko nyingine.

Kwetu mkazo hauna shida. Hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: kitabu, na ukiongeza silabi, kitabuni, unasogea nayo. Hata m inayosimama peke yake huupokea, ndiyo maana mtu na mbwa yana silabi mbili, na mkazo uko kwenye m. Maneno yanayokwenda kinyume ni machache mno, kama barabara lenye maana ya sawasawa, ambalo hukazwa kwenye silabi ya pili, tofauti na barabara ya kupita magari. Alama za nini basi?

Kiingereza ni habari nyingine. Photograph hukazwa silabi ya kwanza, photography ya pili, photographic ya tatu. Mwanafunzi wetu akifuata kanuni ya Kiswahili atakosea mawili na kupatia la tatu kwa bahati tu. Tena mkazo ukihama, unahama na sauti. Irabu isiyokazwa hufifia, ikawa kama a fupi iliyomezwa. Ile o ya kwanza katika photograph husikika waziwazi. Katika photography imefifia, ingawa herufi ni ileile. Mengi tunayoyalaumu kuwa ni vurugu za tahajia hutokana na hapo: herufi zimetulia, mkazo unatembea, na msomaji haonyeshwi.

Yaliyobaki ni mambo ya historia. William Caxton alileta uchapaji Uingereza mwaka 1476, wakati matamshi ya irabu ndefu yalikuwa bado yanabadilika, na maandishi yakazidi kuachwa nyuma na midomo ya watu. K ya knight zamani ilitamkwa. B ya debt ilichomekwa na wasomi ili neno lifanane na debitum la Kilatini. Hayo hayana dawa ila kukariri. Wafaransa walau, Akademia yao, chombo kinachosimamia lugha yao, ilipofuta s nyingi zisizotamkwa katika kamusi ya mwaka 1740, waliacha kofia juu ya irabu: forêt, hôpital. Waingereza alama hawazitaki. Hata ile ya café, iliyokuja na neno la kukopa, wengi hawaiandiki.

Siwaombi Waingereza wabadili chochote. Naomba sisi tubadili vitabu vyetu. Mkazo wa Kirusi nao huhamahama, na magazeti yao hayauonyeshi, lakini vitabu vya watoto wanaoanza kusoma na vya wageni wanaojifunza lugha hiyo huweka kialama juu ya irabu inayokazwa. Kwa nini kitabu cha kidato cha kwanza kisifanye hivyo? Neno jipya likitajwa mara ya kwanza, liandikwe hypóthesis, devélopment, electrícity. Nomino iwe récord, kitenzi kiwe recórd. Mwalimu wa fizikia au baiolojia hahitaji semina kwa hilo; ni mkwaruzo mmoja wa chaki, na mahali pa kuuweka atapaona kwenye kamusi.

Najua hofu ya walimu wengi: mwanafunzi atadhani alama ni sehemu ya neno, ataiandika kwenye mtihani na kukosa maksi. Aambiwe siku ya kwanza kwamba ni ya kusomea tu, na kuanzia kidato cha tatu vitabu viiondoe. Mtoto wa Kirusi huanza kusoma na alama hizo, na akikua huandika insha zake bila hata moja.