Tagi za redio kwenye vifaa vya umeme: kibali kidaiwe wapi?

Anayesimamia mali ya wizara, hoteli au hospitali visiwani anaijua tabu ya kuhesabu vifaa mwisho wa mwaka. Namba iliyoandikwa kwa rangi imeliwa na chumvi, ruta imehamishiwa Chake Chake bila hati, na mkaguzi anataka kuiona kwa macho yake. Tagi ya redio huipunguza kazi hiyo: unapita na kisomaji chumbani, vifaa vyote vinajitaja kwa sekunde chache. Linalobishaniwa ni kibali. Laptopu au UPS (betri ya akiba ya umeme) iliyokwisha kukubaliwa kuingia nchini, ikibandikwa tagi, inageuka kuwa chombo kipya cha redio?

Wanaosema hapana wana hoja nzito. Tagi ya kawaida haina betri wala kitu cha kuzalisha mawimbi. Ina chipu ndogo kama punje ya mchanga na antena ya alumini. Hupokea nguvu kutoka kwa kisomaji, kisha hubadilisha namna antena yake inavyorudisha wimbi lile lile, na kisomaji husoma namba katika mabadiliko hayo. Zima kisomaji, tagi iko kimya kama stempu ya posta. Kuidai kibali tagi moja moja, wakati zinauzwa kwa marobota ya maelfu, ni kumrundikia mtu makaratasi yasiyomlinda yeyote.

Wanaosema ndiyo nao hawakukurupuka. Hakuna abandikaye tagi asiyekusudia kuisoma, na kuisoma maana yake ni kukielekezea kifaa wati mbili za redio kwa karibu. Tena si tagi zote zilizo kimya. Ziko zenye betri, zinazorusha zenyewe kwenye masafa ya 433 MHz au 2.4 GHz, na kwa macho hufanana na zile nyengine.

Kwa maoni yetu, tagi isiyo na betri iachwe, na ukali wote uelekezwe kwenye kisomaji na kwenye tagi yenye betri. Na kwenye kisomaji, jambo la kwanza ni masafa.

Tagi za masafa ya juu zimetengenezwa zisomeke popote kati ya 860 na 960 MHz, kwa hiyo tagi moja hufanya kazi Ulaya, Marekani na China. Kisomaji hakina uhuru huo. Ulaya hutumia 865 hadi 868 MHz, Marekani 902 hadi 928. Sisi Afrika tumo katika kanda ya kwanza ya Shirika la Mawasiliano la Kimataifa (ITU), na ule ukanda wa Marekani umetengwa kwa kanda ya pili tu. Huku kwetu, 880 hadi 915 MHz ni sehemu ambayo minara ya simu husikilizia simu za wateja. Kisomaji cha Marekani hurukaruka katika chaneli 50, na nusu ya ukanda wake, 902 hadi 915, imo ndani ya sikio la mnara. Simu hupunguza nguvu mnara ukiiamuru. Kisomaji hakiamuriwi na mtu. Matokeo yake ni simu kukatika mtaani, na mwenye ghala hajui kwamba chanzo ni kisomaji kilichofungwa mlangoni mwake mwenyewe.

Kosa hili ni jepesi kulifanya. Kisomaji kilichonunuliwa Dubai kwa bei nafuu huweza kuwa kimefungwa kiwandani kwenye ukanda wa Marekani, na hakuna programu itakayokibadilisha. Kabla ya kulipa, soma namba kamili ya modeli kwenye karatasi ya vipimo. Kama ukanda unachagulika, chagua wa Ulaya, kisha uhakikishe kinarusha kwenye chaneli nne tu: 865.7, 866.3, 866.9 na 867.5 MHz.

Baada ya hapo ni nguvu. Mpaka wa Ulaya ni wati 2 zikilinganishwa na antena sahili ya dipoli, yaani 33 kwa kipimo cha nguvu kiitwacho dBm. Kwa kipimo hiki hasara ya kebo (dB) hutolewa na ukuzaji wa antena (dBi) huongezwa, kisha hutolewa 2.15, ambayo ni ukuzaji wa dipoli yenyewe. Chukua kisomaji cha dBm 30, kebo inayopoteza dB 1 na antena ya dBi 8: 30 toa 1, ongeza 8, toa 2.15, unapata 34.85. Umeshavuka. Kishushe kisomaji hadi dBm 28 na utabaki 32.85. Fundi akibadilisha kebo ndefu kwa fupi, hesabu irudiwe.

Ubandikaji wenyewe nao una sheria zake. Tagi ya karatasi juu ya bati la UPS haisomeki, kwa sababu chuma hurudisha wimbi na kuivuruga antena. Ziko tagi za chuma zenye tabaka la povu au kauri chini yake. Ndizo za kununua. Futa chumvi na mafuta kwa spiriti kabla ya kubandika, usizibe matundu ya hewa, na usifunike kibao cha kiwandani chenye namba na alama za vibali. Kibao kikifunikwa, mkaguzi atakuwa na haki ya kukitilia shaka kifaa kilichokuwa halali.

Hospitalini hoja ya wenye hofu inashinda. Mwaka 2008 watafiti wa Uholanzi walichapisha katika jarida la tiba la JAMA majaribio ya vifaa 41 vya chumba cha mahututi, bila mgonjwa kuunganishwa. Katika majaribio 123 vifaa viliathirika mara 34, na 22 kati ya hizo zilikuwa za hatari: mashine za kupumulia zilizima, pampu za sindano zilisimama. Mfumo wa 868 MHz wenye tagi zisizo na betri ulisababisha 26 kati ya 34. Umbali wa kati baina ya kisomaji na kifaa kilichoathirika ulikuwa sentimita 30. Toleo la 2014 la IEC 60601-1-2, kiwango cha kimataifa cha vifaa vya umeme vya tiba, lilileta jaribio la kukipiga kifaa kwa wimbi la redio lenye ukali wa volti 28 kwa mita kwenye 870 MHz, ilhali vifaa vingi vya zamani vilipimwa kwa volti 3 tu. Mashine kongwe ya kusaidia uhai isisomwe kwa kisomaji cha mkononi karibu na kitanda. Ibandikwe tagi ya 13.56 MHz, isomwe kwa kugusisha, ikiwa haina mgonjwa.

Kuhusu milango ya kupita: mawasiliano ni jambo la Muungano, kwa hiyo kibali cha kisomaji ni cha Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), hata mzigo ukishukia bandari ya Malindi, Unguja. Ubora wa bidhaa zinazoingia unaangaliwa na Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS). Alama ya CE (ya Ulaya) au FCC (ya Marekani) mgongoni mwa kifaa haibadili lolote kati ya hayo mawili. Kwenye zabuni andika ukanda wa masafa, nguvu ya juu baada ya antena, na sharti kwamba kibali kiwe mkononi kabla ya meli kupakia, kwa sababu kisomaji kikishazuiliwa bandarini kodi ya kuhifadhi mzigo huendelea kuhesabiwa kila siku.