Mlima haujakaa bure, shemeji

Krismasi iliyopita shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, aliendesha gari kutoka Dar hadi kwetu Machame. Wiki ile unaijua: foleni Chalinze, trafiki kila kona, mabasi yanakupita kama yamekodiwa na Izraili. Akafika hoi. Tukampa kiti kizuri uani, kata ya mbege mkononi, ndafu inageuzwa pembeni. Nikajua sasa atapumzika. Akachomoa simu, akanionyesha video ya vibanda vya kioo vinavyoning'inia kwenye waya juu ya mlima wa theluji huko China, watu ndani wanajipiga picha. Halafu akatazama juu, upande ambao Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ingeonekana kama si mawingu, akasema, "Ninyi mna mali, ila imekaa bure tu."

Imekaa bure! Mwanzoni nilitafuna kiburu changu kimyakimya kwa sababu mgeni ni mgeni, na kwa sababu mdogo wangu alinikazia macho. Hata nilipokuja kubisha sikumaliza. Lakini sasa niko kwangu, hakuna wa kunikazia macho.

Suala lenyewe wala si jipya. Mwaka 2019 Naibu Waziri wa Maliasili na Utalii wa wakati huo, Constantine Kanyasu, alisema serikali inafanya upembuzi yakinifu wa magari ya nyaya, yaani kebo, Mlima Kilimanjaro, ikizungumza na kampuni mbili, moja ya China na nyingine ya nchi za Magharibi. Tukaambiwa watalii wataongezeka kwa asilimia 50. Wapagazi wakaja juu. Mwaka 2021 Waziri Damas Ndumbaro akakutana na wadau Moshi, mradi wa dola milioni 72 ukatajwa, wenye kampuni za utalii wakaukataa mbele yake. Kisha kimya. Na kila mwaka mmoja miwili mtu anaufufua, mara nyingi mtu ambaye hajawahi kupita hata getini.

Haya, tuhesabu. Shemeji yangu ni mhasibu, na ajabu ni kwamba siku ile hakutaka kabisa kuhesabu.

Mgeni kutoka nje akipanda kwa njia ya Machame siku 7, kwa viwango tulivyovizoea anailipa hifadhi dola 70 kila siku. Hiyo ni 490. Analala mlimani usiku 6, kila usiku dola 50 za kambi, hiyo ni 300. Weka 20 za uokoaji. Jumla dola 810, kabla ya VAT, na hapo hajala hata yai moja.

Sasa njoo kwenye yai. Yai hilo limenunuliwa Boma Ng'ombe au Mbuyuni, kwa mama ambaye hajui hata uwanda wa Shira kule mlimani uko upande gani. Viazi vyake, karoti zake, ndizi zake, maparachichi, mkaa wa chai ya vijana wanaosubiri mizigo getini, kushona begi lililochanika zipu, kukodisha gaiters na jaketi kwa mgeni ambaye mzigo wake umepotelea Addis. Wageni wawili tu wana watu tisa au kumi nyuma yao: mwongozaji, msaidizi wake, mpishi, na wagumu, yaani wapagazi. Kila mgumu anapita kwenye mzani, kilo 20 mwisho, kichwani au begani, na ni mpaka kambi ya Barafu, mita 4,673, kisha anashuka kwa njia ya Mweka akiwa na njaa ya siku saba. Anaposhuka ana hela mfukoni, na hela ya mgumu haipandi ndege. Inafika Manyema, inafika Kiboriloni kwenye mitumba, inafika kwa mwalimu anayedai michango, inafika kilabuni pia, tusidanganyane.

Ukiuliza utalii wa Kilimanjaro unauza nini, watu watakwambia kilele, mita 5,895, paa la Afrika. Si kweli. Tunauza siku. Mwili wa binadamu hauwezi kukimbizwa kwenye mwinuko, lazima upande taratibu, ulale, uzoee, na ndiyo maana tangu getini mpaka Stella Point, karibu na kilele, neno ni moja, pole pole. Mgeni anayeharakisha ndiye anayetapika na kurudishwa. Kwa hiyo mlima wenyewe, bila sera ya wizara yoyote, unamlazimisha tajiri wa watu akae kwetu wiki nzima. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi huku mgeni wa siku ya tatu bado analipa, na wa siku ya saba anatoa na bakshishi! Halafu anakuja mtu kutushauri tumshushe siku hiyohiyo, saa nane mchana, awahi ndege ya Zanzibar.

Maana ndivyo itakavyokuwa. Atatoka Arusha asubuhi na lunch box ya hotelini, atapanda kibanda, atashuka, atanunua sumaku ya friji, ataondoka. Hao asilimia 50 wa ziada, kama watakuja, watalala wapi? Watakula kwa nani? Hata wakija mara mbili ya hao 50,000 hivi wanaopanda kwa mwaka, mgeni anayekaa saa tano tu hawezi kuziba pengo la mgeni wa siku saba. Nilimuuliza shemeji swali hilo. Akajibu kwamba mimi napinga maendeleo.

Baba yangu alikuwa mgumu. Hili sisemi ili mnionee huruma, nalisema kwa sababu ndiyo hesabu ninayoijua kuliko zote. Alibeba kwa njia hiihii ya Machame miaka ya tisini, wakati hema zilikuwa nzito na viatu vilikuwa raba za mtumba. Ada yangu ya sekondari ilikuwa tripu tatu na nusu. Ile nusu ilikuwa kampuni moja iliyomlipa baada ya wiki tatu za kwenda na kurudi Moshi mjini kwa mguu na daladala, na hata hivyo ilikata. Kwa hiyo msidhani nawapigia debe wenye kampuni waliosimama kumkatalia waziri. Baadhi yao walikuwa wanatetea wapagazi kwa mdomo uleule unaowapunja. Mwaka 2008 serikali ilitangaza dola 10 kwa siku kwa mpagazi, na hadi leo ukikaa getini utasikia vijana wanaolipwa chini ya hapo na kulala watu wengi mno kwenye hema moja. Hilo ndilo la kufufua kila mwaka mmoja miwili. Ila halina vioo wala halipendezi kwenye video.

Kila mjadala huu ukianza, lazima mtu ataje Cape Town. Mbona Table Mountain wana kebo tangu 1929? Ni kweli wanayo, na tangu 1997 vibanda vyake vinazunguka wakati vinapanda. Lakini Table Mountain ina mita 1,085. Ndugu zangu, geti la Machame liko kwenye mita 1,800 hivi. Kule mgeni anaishia juu mahali ambapo kwetu bado yuko kwenye migomba anauliza choo kiko wapi. Na chini ya mlima ule kuna jiji kubwa ambalo watalii wameshalala, wameshakula, kebo ni kazi ya dakika tano kabla ya kwenda ufukweni. Sisi kebo ikiishia uwanda wa Shira, tuseme mita 3,700, unamtoa bibi wa Kijerumani kwenye joto la Moshi, unamtua mahali ambapo anapata theluthi mbili tu ya hewa aliyozoea kwao, ndani ya chini ya saa moja. Kichwa kitamuuma. Huko China kwenye video ya shemeji, ukiangalia vizuri, watu wameshika vikopo vya oksijeni. Nilimwonyesha. Akasema na sisi tutauza.

Na atakachokiona je? Hapa nacheka peke yangu. Shemeji alikaa kwetu siku tatu. Siku tatu nzima, chini kabisa ya Kibo, na aliiona mara moja, saa kumi na mbili na robo asubuhi, akiwa amevaa khanga ya mkewe akienda msalani. Akaita watu wote. Tulipotoka na simu zetu, mlima ulishajifunika. Wageni wanaolala juu wanauona kwa sababu wanalala juu, wanaamka juu ya mawingu. Wa kebo atafika saa nne, atakuta ukungu, ataandika mtandaoni kwamba ametapeliwa. Wakenya walilielewa hili zamani: wao wanauza Kilimanjaro wakiwa Amboseli, mgeni kakaa kwenye kiti, tembo mbele, mlima nyuma, anaamshwa alfajiri kwa kahawa. Hawajasimamisha hata nguzo moja. Na mlima ni wetu!

Msitu, mbega, ndege, hadhi ya urithi wa dunia tuliyopewa na UNESCO mwaka 1987: wengine wameshayasema vizuri kuliko mimi. Barafu nayo inaisha, kebo au bila kebo.

Kuna jambo moja ambalo wapanga miradi hawaligusi, nguzo. Kabla waya haujaingia hifadhini lazima utoke mahali, na chini ya hifadhi hakuna pori, kuna vihamba. Kihamba si kiwanja. Ni migomba ya babu juu ya mifupa ya babu. Mtu wa Dar anaona shamba la ndizi na kahawa, anauliza fidia ni shilingi ngapi kwa mita. Mimi najiuliza nguzo ya kwanza itasimama kwenye kaburi la nani, na ni familia ipi itakayokubali vibanda vya watu wenye kamera vipite juu ya ua wake kutwa nzima wakati mama anaogesha watoto.

Nitakubali mawili, kwa shingo upande. Moja ni wagonjwa. Nimesimuliwa na Baba, na nimeona mwenyewe mara moja nilipobeba likizo ya kidato cha sita, jinsi mtu aliyezidiwa na mwinuko anavyoshushwa kwenye machela ya gurudumu moja, vijana wanne wanakimbia kwenye mawe usiku, mgonjwa anakoroma, hakuna anayesema kitu. Usiku ule ungenipa waya wowote ningeuchukua. Ingawa, kama tunataka kuokoa watu, tuseme ni uokoaji, tusiufungie utepe mwekundu tuite utalii.

La pili lilinipata palepale uani, na shemeji alilifurahia mno. Nilikuwa nimepamba moto, nazungumza kuhusu dola 810, mara Mama akatoka jikoni na sinia la machalari. Ana miaka sabini na tatu. Amezaliwa chini ya mlima huu, ameolewa chini yake, amezika chini yake. Hajawahi kuvuka geti. Wanawake wa rika lake hawakuwa na la kufanya kule, na magoti yake sasa yanagoma hata ngazi za kanisani. Akasimama na sinia lake akasikiliza, kisha akauliza kama hicho kibanda kinampandisha hata mtu asiyeweza kutembea.

Shemeji akaruka, "Eeh Mama! Unakaa tu, kinakwenda chenyewe."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka Shira huko, juu ya mawingu."

Mama akaweka sinia mezani, akafuta mikono. "Baba yenu alikuwa akirudi ananiambia Shira kuna baridi, Shira kuna mawe, Shira kuna ua linakua kama mtu amesimama. Miaka kumi na minne ananiambia Shira. Mimi nilikuwa naitikia tu, sijui anasema nini."

Nikamwambia kwamba mradi wenyewe haujajengwa, na huenda usijengwe, na kwamba nauli yake haitakuwa ya mtu anayeuza ndizi, itakuwa ya dola. Nilianza hata kumweleza habari ya nguzo na vihamba. Alinisikiliza vizuri kabisa, kama anavyomsikiliza katekista.

"Sawa," akasema. "Wewe kataa. Ila wakijenga, niambie nauli."