Daraja Letu Mbea

Mimi sina ugomvi na mtu hapa kijijini. Ugomvi wangu ni na daraja.

Lile la chuma, lenye vyuma vya mshazari ubavuni na mbao kukanyagia, juu ya korongo ambalo kiangazi mbuzi analivuka bila kulowesha magoti. Ukipita na pikipiki mbao zinaanza: ko-ko-ko-ko. Ubao wa saba, uliong'oka misumari tangu masika ya mwaka juzi, unajibu peke yake: pwaa! Basi, kijiji kizima kimeshajua umerudi saa ngapi.

Juzi nikasema leo hawanipati. Nikazima injini, nikashuka, nikakokota mdogo mdogo kama mwizi wa kuku. Kufika wa saba nikauinua mguu juu, nikatua wa nane. Kumbe nao umelegea! Pwaa! Mbwa wakapokea. Nafika nyumbani, mama watoto yuko mlangoni na kurunzi: "Baba Shukuru, karibu. Daraja limeshanisalimia."

Fundi mmoja wa barabara aliniambia aina hii inaitwa Bailey, jina la Mwingereza aliyeibuni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kipande kimoja kilo 260 hivi, wanaume sita wanakibeba mikononi, wanakiunga na chenzake kwa pini, hakuna kuchomelea. Wanajeshi walikuwa wanamaliza daraja kwa saa chache, wakati mwingine risasi zinapita. Sisi ubao mmoja tu tumeuundia kamati ya watu kumi na mmoja. Wameshaukagua mara tatu. Mara ya tatu walikuja na chupa ya chai.

Na usiniambie habari ya kupishana. Njia ni moja, anayewasha taa kwanza ndiye apite. Sasa mwenzangu wa ng'ambo naye kawasha, tukakutana katikati: mimi na tenga la nyanya, yeye na godoro. Pikipiki haina rivasi! Tukabishana hadi ng'ombe wa watu wakaingia nyuma yake. Ng'ombe hajui taa. Tulirudi sote upande wangu, godoro limenikaa usoni.

Jana mkutanoni mwenyekiti katangaza misumari imepatikana. Nikapiga makofi peke yangu. Mama Shukuru akasimama kule kwa akina mama, akaomba mbao zote zigongwe, ila ule wa saba uachwe kama ulivyo.

Ikapigwa kura. Akina mama wote walinyoosha mikono, wengine miwili.