Magari ya misuli ya Marekani: yabaki na injini zao, au yapewe nyingine?

Nilipokuwa bweni, ndani ya mfuniko wa tranka langu nilibandika picha ya Dodge Charger ya 1969. Wenzangu walibandika wachezaji mpira. Kila nikifungua kutoa sabuni au sukari nakutana na ule uso mweusi usio na macho, maana taa za Charger hujificha nyuma ya grili mpaka uziwashe. Sijapona tangu siku ile. Haya ninayoandika basi yasomwe kama maneno ya mgonjwa, ingawa nimejitahidi kuwasikiliza wote wanaogombana.

Na ugomvi upo. Wapenzi wa magari haya, yale ya milango miwili ya miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970 yenye injini kubwa za V8, wamegawanyika pande mbili. Upande mmoja unataka kila gari lililosalia libaki kama lilivyotoka kiwandani: injini ile ile, giaboksi ile ile, hata alama za chaki alizoacha mkaguzi. Upande wa pili unasema chukua bodi ya zamani, tia injini ya kisasa, breki za diski na kiyoyozi, kisha liendeshe. Gari la namna hii Wamarekani huliita restomodi, na siku hizi wapo mafundi walioajiri watu wengi kwa kazi hiyo tu.

Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa habari ya namba. Kadi ya gari ina namba ya chesisi na namba ya injini, na mnunuzi makini hufungua boneti akalinganisha kabla hajatoa hela. Tofauti ni kwamba kwetu namba zikigongana na kadi unaulizwa umelitoa wapi gari. Kule, bei ndiyo inayoanguka. Chukua Chevrolet Chevelle SS ya 1970 yenye injini ya LS6, inchi za ujazo 454, yaani lita 7.4, iliyotangazwa kuwa na nguvu farasi 450. Ikiwa na injini iliyozaliwa nayo, hiyo ni mali ya kubadilishana na nyumba. Ikiwa na injini nyingine ya aina hiyo hiyo, ya mwaka huo huo, inayonguruma vile vile, thamani inapungua sana, na wewe uliyekaa nyuma ya usukani huwezi kuhisi tofauti yoyote.

Tofauti yote imelala kwenye kipande cha chuma kisichotosha kuwekea simu. Mbele ya injini, upande wa abiria, pale silinda hedi inapokalia bloku, kuna sehemu bapa iliyogongwa herufi na namba. LS6 ya gia za mkono husomeka CRV mwishoni, ya otomatiki CRR. Mkaguzi anayejua kazi hasomi namba kwanza. Anapiga tochi kwa ubavu, anatafuta mistari myembamba iliyolala sambamba kama mchanga uliochanwa kwa kitana. Mistari hiyo iliachwa na mashine ya kiwandani ilipokuwa inasawazisha bloku. Mghushi husaga namba za zamani akagonga mpya, na namba si kazi kuiga. Mistari ile ndiyo humshinda. Wasipoaminiana bado, mtu analala chini ya gari, anashusha tangi la mafuta, anatafuta karatasi ya maagizo ya kiwandani ambayo mara nyingi ilisahauliwa juu ya tangi. Ikipatikana huwa imekauka, ina kutu na meno ya panya, lakini ndiyo shahidi anayeaminika kuliko muuzaji na fundi wake wote.

Ni rahisi kuwacheka watu wanaochungulia chuma kwa tochi. Mimi niliwacheka mpaka nilipoelewa wanachokikimbia. Pontiac GTO ya 1964 na ya 1965 haikuwa modeli inayojitegemea, ilikuwa kifurushi cha ziada juu ya LeMans, gari jingine la Pontiac, na namba yake ya chesisi haisemi kwamba ni GTO. Mtu akiwa na LeMans ya kawaida, beji za kununua na injini ya kuokota, amepata GTO kwa mwishoni mwa juma mbili tatu. Bila kumbukumbu za kiwanda, mnunuzi anauziwa mbuzi kwenye gunia. Wale wa namba wanalinda mifuko yao, sikatai, ila wanalinda na ukweli.

Wana hoja nyingine nzito zaidi, nayo ni ile Ford Mustang ya 1968 ya kijani ambayo mwigizaji Steve McQueen aliiendesha kwenye filamu ya Bullitt. Mwaka 1974 ilinunuliwa na familia moja kwa dola 6,000, ikawa gari la nyumbani la kwenda kazini. McQueen mwenyewe aliandika barua mwaka 1977 akiomba auziwe. Hakuuziwa. Baadaye gari likaegeshwa miaka mingi, na lilipotolewa hadharani mwaka 2018 rangi ilikuwa imepauka, kutu ipo, na chini yake bado kulikuwa na vishikio vilivyochomelewa kwa ajili ya kamera za filamu. Januari 2020 lilipigwa mnada Kissimmee, Florida, nyundo ikashuka kwenye dola milioni 3.4. Fundi mwenye bidii angelipata gari hilo miaka ya 1990, angevikata vile vishikio asubuhi ya kwanza ili bodi iwe safi, na angejisifu.

Hapo unaweza kudhani mjadala umekwisha. Ngoja kwanza tuulize haya magari yalizaliwaje.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 General Motors (GM), kampuni mama ya Pontiac na Chevrolet, ilikuwa na sheria ya ndani: gari la ukubwa wa kati lisibebe injini inayozidi inchi za ujazo 330. Pale Pontiac, John DeLorean na wahandisi wake Bill Collins na Russ Gee waligundua kwamba injini yao kubwa ya 389, lita 6.4, kwa nje inalingana na ile ndogo ya 326, kwa hiyo inakaa kwenye vishikio vile vile vya Tempest, gari la ukubwa wa kati ambalo LeMans ilikuwa toleo lake, bila taabu. Wakaitia. Sheria ilihusu modeli, wao wakaiita kifurushi cha ziada, ikapita. Idara ya mauzo ilikubali kwa shingo upande kuanza na magari 5,000. Mwaka ule wa 1964 yakauzwa 32,450. Kwa maneno mengine, gari ambalo wengi wanalihesabu kuwa la kwanza la misuli lilikuwa mchezo wa gereji: ng'oa injini ndogo, weka kubwa, wakubwa wasijue mapema.

Wauzaji nao hawakukaa kimya. Royal Pontiac, duka la Royal Oak jirani na Detroit, lilikuwa linazichokonoa GTO mpya kabla mteja hajazichukua. Kule Canonsburg, Pennsylvania, Don Yenko mwaka 1967 alikuwa anachukua Chevrolet Camaro mpya, anang'oa injini ya 396 na kuweka ya 427. Leo Camaro hizo zinatafutwa kama almasi. Hebu fikiria kidogo: Camaro ya Yenko ya 1967 iliyobaki na injini iliyotoka nayo kiwandani si Yenko tena, ni Camaro ya kawaida. Kila nikimsikia mtu anahubiri utakatifu wa injini ya kuzaliwa namkumbuka Yenko na spana zake.

Hata wenye magari wa kwanza hawakujali namba. Walikuwa vijana. Waliyapeleka magari kwenye mashindano ya robo maili Jumamosi usiku, injini ikipasuka dhamana inaleta nyingine, maisha yanaendelea. Utakatifu wa namba ulikuja baadaye, waliposalia wachache na minada ikaanza kunusa pesa.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa namba hulipitia haraka sana. Magari haya ni hatari. GTO ya 1964 ilikuwa na breki za dramu magurudumu yote manne, na masta silinda yenye njia moja tu ya mafuta ya breki. Paipu moja ikitoboka popote, mguu wako unagonga sakafu na hakuna breki hata gurudumu moja. Gari lenye lita 6.4! Mlingoti wa usukani nao haukujikunja kwenye ajali. Ulikuja moja kwa moja kifuani. Mwaka 1966 Marekani ilizika watu zaidi ya 50,000 waliokufa barabarani, na ndio mwaka bunge lao lilipopitisha sheria ya usalama wa magari. Kumwambia mzee anayetaka kumpeleka mjukuu wake akanunue aiskrimu kwamba breki za diski zinaharibu asili ya gari, kwangu ni ukatili uliovaa koti la utaalamu.

Mafuta pia. LS6 ilibuniwa kwa petroli kali yenye risasi, na mgandamizo wake ni 11.25 kwa 1. Petroli hiyo haipo tena kituoni. Tangu modeli za 1971 GM yenyewe ilikuwa imeshusha mgandamizo kujiandaa na petroli isiyo na risasi. Sasa mwenye LS6 halisi ana njia tatu: anunue mafuta ya mashindano, aifungue injini na kuibadili kwa ndani, au aliache gari chini ya kitambaa. Wengi huchagua kitambaa. Gari linapanda trela, linashuka maonyeshoni, linarudi kwenye trela, mpira wa mlango unakauka na petroli inaoza kwenye kabureta. Kila Agosti, tangu 1995, magari ya zamani hujaa Woodward Avenue, barabara ile ile inayotoka Detroit kwenda mji wa Pontiac ambako vijana wa zamani walikuwa wanapimana ubavu kwenye taa. Watu hukaa pembeni na viti vyao kusikiliza eksozi. Sidhani kama kuna anayeinama kusoma herufi tatu.

Kwa hiyo niko wapi? Nimekuja kuona kwamba wote wawili wanauliza swali lisilofaa. Swali la umri wa injini halinisaidii. Mimi nauliza: ulichokifanya kinarudishika? Kuna kazi za bolti na kuna kazi za grainda. Breki za diski za mbele kwenye Chevelle hufungwa kwa bolti; wikiendi moja unazitoa, dramu zinarudi, gari halikumbuki. Injini ya LS (si ile LS6 ya zamani), hii familia mpya ya V8 iliyoanza na Corvette ya 1997, kwenye Chevelle hukaa kwa vishikio vya kununua. Lakini ukitaka na giaboksi ya gia sita, mara nyingi utakata sakafu ya kati. Mustang ya zamani ni mbaya zaidi: injini ya Ford ya kisasa ya Coyote ni pana, haiingii mpaka ukate minara ya shokapu, ambayo ndiyo imeushika upande wote wa mbele. Ukishapita na grainda pale, hakuna karatasi ya juu ya tangi itakayokurudishia.

Kipimo hiki hakimfurahishi mtu. Watu wa namba wanasema hata bolti ni dhambi kwenye gari lenye injini ya Hemi ya 426, V8 kubwa ya Chrysler. Kwa Hemi nawakubalia, yalitengenezwa machache mno. Wa restomodi wanasema ukiogopa kukata hutapata gari zuri, na nimeona kazi zao, ni kweli wanatengeneza vitu vya ajabu. Wale wanaong'oa kila kitu na kuweka mota za umeme, kama ile ambayo Ford ilianza kuiuza peke yake mwaka 2021, nao wanadai haki yao. Mota ni ndogo, inaweza kuingia bila kukata, kwa kipimo changu sina neno. Nalalamika moyoni tu, maana kilichonitia wazimu bwenini hakikuwa kasi, nilikuwa nauota mngurumo ambao sikuwa nimewahi kuusikia.

Na mengi yaliyosalia wala si Hemi. Mustang nyingi za miaka ile zilitoka na silinda sita, gari la karani wa benki, si la misuli hata kidogo. Ningepewa Mustang ya 1966 ya silinda sita ningeanza na masta silinda ya njia mbili, kisha diski za mbele, kisha V8 ndogo ya 302, ambayo inaingia bila grainda. Ile injini ya silinda sita ningeipaka grisi, niifunge turubai, niiweke pembeni mwa gereji na namba zake zikitazama juu, mwanangu asije akaiuza kwa watu wa vyuma chakavu.